Kanali Stoneham na Vita Dhidi ya Mdudu

Ukitaja Kitale watu wengi hukumbuka mahindi. Mimi, mwenyeji wa Bungoma, kila nipandapo gari kupitia Webuye kwenda huko humkumbuka marehemu Luteni Kanali Hugh Stoneham.

Bwana huyu alikuwa mlowezi aliyeishi Cherangani. Alianza kukusanya wadudu, wanyama na vitabu mwaka wa 1894, angali mtoto mdogo, wala hakuacha mpaka alipofariki mwaka wa 1966. Mwaka wa 1926 alianzisha jumba la makumbusho lililoitwa kwa jina lake, akawa anachapisha majarida ya kueleza vipepeo ambao wataalamu walikuwa hawajawapa majina.

Zilikuwa siku za ukoloni, na ardhi nono ya Trans Nzoia ilikuwa imetengewa walowezi. Sisemi hivyo kumlaumu marehemu, bali tupate kuupima wosia wake.

Kumnasa kipepeo ni kazi rahisi. Kumtunza ndiyo kazi. Kipepeo aliyekaushwa na kuchomwa pini ni chakula. Mabuu ya vijidudu vidogo humla kimya kimya, na siku ufunguapo sanduku wakuta pini imesimama juu ya unga. Mvua za Kitale nazo huleta unyevu, na unyevu huzaa kuvu. Ndiyo maana wakusanyaji wa zama zake walitumia masanduku yanayofunga barabara, wakatia naftalini, na kuyakagua mara kwa mara. Siku hizi majumba ya makumbusho ulimwenguni huviweka vitu kwenye baridi kali, chini ya nyuzi 18 za sifuri kwa majuma mawili hivi, mdudu afe bila sumu.

Stoneham alijua kwamba mtunzaji akifa, mdudu hubaki. Basi aliiachia Serikali ya Kenya mkusanyo wake, pamoja na fedha za kujengea jumba jipya. Jumba hilo lilifunguliwa mjini Kitale Desemba 1974, likaitwa Makumbusho ya Taifa ya Magharibi mwa Kenya. Leo tunaliita Makumbusho ya Kitale. Humo na uani mwake mna pia vyombo na nyumba za kienyeji za jamii zetu. Nyumba hizo za miti na nyasi nazo zina adui wake, mchwa, na hazina budi kuezekwa upya kila zikichakaa.

Kwetu Bungoma wazee walikuwa na naftalini yao: moshi. Nyanya yangu alitundika vibuyu na mbegu juu ya mafiga, na dumuzi hakuthubutu. Sasa tumeezeka mabati na tunapikia gesi. Ni maendeleo, sikatai, lakini moshi umeondoka na mlinzi hakuwekwa mahali pake. Nimeona litungu la mzee mmoja jirani limesimamishwa pembeni mwa nyumba nzuri: ngozi imetobolewa na mabuu, mti ukitoa unga. Mwenyewe amekwisha kufa, na watoto wake hawajui ala hiyo ilivyoundwa.

Litungu lako lisikae sakafuni wala ukutani penye unyevu. Lipanguse, lichunguze kila mwezi. Ukiona unga chini yake, litenge na vingine upesi. Zaidi ya yote, mtaje atakayelitunza baada yako. Mkusanya vipepeo wa Cherangani hakungoja aulizwe.