Fleming na Kidonda cha Kioo
Alexander Fleming, mwana wa mkulima, alizaliwa Uskochi mwaka 1881. Wengi twamjua kwa penisilini aliyoigundua 1928. Mimi humstahi kwanza kwa kidonda chake cha kioo. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, huko Boulogne, Ufaransa, aliona askari wakioshwa majeraha kwa dawa kali na bado wakafa. Basi akatwaa neli ya kioo, akaitoa vimiiba vyenye uwazi mfano wa vipembe vya jeraha, akaijaza viini, akaimwaga, kisha akaitia dawa. Alipoiosha, viini vilivyojificha vimiibani vikazaana upya! Na dawa zile zile ziliua chembe nyeupe za damu, walinzi wa mwili. Madaktari wengi hawakumsikiza. Alipopokea tuzo ya Nobel 1945 alionya kwamba penisilini pungufu huvizoeza viini kuihimili. Alifariki London, Machi 1955.