Fumbo la Simba wa Mawe

Wahenga walinena kuwa fumbo hufumbiwa mjinga, mwerevu huling'amua. Visiwani humu fumbo si jambo geni. Twalisikia katika taarabu na twalisoma katika kanga. Yafaa basi tumkumbuke leo mtu aliyelitia fumbo katika sinema, naye ni Sergei Eisenstein.

Alizaliwa Riga mwaka 1898, mtoto wa msanifu wa majengo. Alikuwa akisomea uhandisi yalipozuka Mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917. Mwaka uliofuata akaingia Jeshi Jekundu, kisha akashika kazi ya michezo ya kuigiza, na hatimaye filamu.

Zama hizo filamu hazikuwa na sauti. Eisenstein alitambua kwamba picha mbili zikifuatanishwa humzalia mtazamaji wazo la tatu, lisilokuwamo katika mojawapo ya hizo mbili. Katika filamu yake ya Mgomo ya mwaka 1925, aliambatanisha mauaji ya wafanyakazi na kuchinjwa kwa fahali. Hapakuhitajiwa hotuba kueleza jinsi roho ya mnyonge ilivyodharauliwa. Mwaka huo huo alitengeneza Manowari Potemkin, inayohusu maasi ya mabaharia ya mwaka 1905. Baada ya raia kumiminiwa risasi katika ngazi za Odessa, manowari inajibu kwa mizinga, na hapo twaonyeshwa sanamu tatu za simba: wa kwanza amelala, wa pili ameamka, wa tatu anainuka. Hata mawe yamechoshwa na dhuluma.

Wakubwa wa Uingereza walilielewa fumbo hilo barabara, wakaizuia filamu hiyo isionyeshwe hadharani hadi mwaka 1954.

Nyumbani kwake Eisenstein alienziwa, na mwaka 1939 akatunukiwa Nishani ya Lenin. Lakini fumbo halina bwana. Alipotengeneza filamu juu ya Mfalme Ivan wa Kutisha, sehemu ya kwanza ilipata Tuzo ya Stalin. Sehemu ya pili, iliyomwonyesha mfalme aliyejaa shaka, amezungukwa na walinzi wakatili, ilipigwa marufuku mwaka 1946. Wengi wameona humo kivuli cha Stalin mwenyewe. Eisenstein alifariki dunia Moscow, Februari 1948, akiwa na umri wa miaka 50. Filamu hiyo ilionyeshwa mwaka 1958, mtunzi wake akiwa kaburini miaka kumi.

Sisi twaona hapa funzo kwa wote waliokabidhiwa dhamana ya kukagua kazi za sanaa. Serikali mbili zilizohasimiana zilimwogopa mtu mmoja kwa sababu moja, na zote mbili hazikufaulu kuyazima mawazo yake. Kiongozi mwenye hekima akikuta fumbo katika kazi ya msanii, kwanza hujiuliza lina ukweli gani. Mkasi hukata filamu. Haukati lile ambalo mtazamaji amekwisha kuling'amua.