Nabongo Mumia na Barua Zilizofunguliwa Kwake

Natumai saumu yaenda vyema, na kwamba hapo ulipo unahesabu dakika kabla ya adhana ya magharibi huku harufu ya viazi karai kutoka jikoni ikikutesa. Basi tulia kidogo, tuusukume muda pamoja.

Huwa tunapenda sana habari za watu wa mbali, wa Baghdad na Damascus na Cairo, na si vibaya. Lakini leo hatuendi mbali. Tunapanda matatu papa hapa Kakamega mjini tunashukia Mumias. Ukitaja Mumias watu wengi wanawaza sukari tu, kana kwamba mji ulizaliwa na kiwanda. Ule mji una jina la mtu, na mtu huyo alikuwa Muislamu, tena mtu mwenye akili nyingi mno. Nataka nikusimulie maisha yake, hasa wewe kijana unayehangaika na Kiingereza shuleni, unayekariri maneno magumu ili mwalimu akupe alama kwenye insha. Utaona mwenyewe kwa nini nakutaja wewe.

Mumia alikuwa mtoto wa Shiundu, Nabongo wa Wawanga. Nabongo ndiyo cheo cha mfalme wao, na makao makuu yalikuwa Elureko. Shiundu alipofariki mwaka 1882, Mumia akakalia kiti. Usidhani alirithi raha! Magharibi kulikuwa na Waluo wa Ugenya ambao walikuwa wamewabana Wawanga kwa vita vya miaka. Kaskazini walikuwa Wabukusu, watu wengi na wenye ngome. Ukipima kwa nguvu za mikuki peke yake, Wanga haikuwa ya kutisha majirani.

Sasa hebu jiulize, mtu wa namna hiyo anafanya nini? Wengine wangepiga kelele za ushujaa. Mumia akafungua mlango. Wamasai wa Uasin Gishu, waliokuwa wamevunjwa na Wamasai wenzao na kutawanyika, walipata pa kukaa kwa Wawanga, nao wakawa wapiganaji upande wake. Mtu aliyeshindwa na aliyekata tamaa, ukimpa chakula na mahali pa kulaza kichwa, hakusahau. Hilo hata uwanja wa shule utakufundisha, manake yule mwanafunzi mgeni anayechekwa na wote ndiye atakayekusimamia siku yako ikifika.

Wageni wengine walitoka pwani. Tangu enzi za Shiundu misafara ya Waswahili na Waarabu ilikuwa imeanza kufika, ikitafuta pembe za ndovu. Tusiwapake sukari wazee wetu hao kwa sababu ni wa dini yetu: walikuwemo wafanyabiashara ya watumwa, na walikuwemo wakorofi waliowaumiza wenyeji. Mumia aliwapokea akiwa macho wazi. Kwake walipata unga, maharagwe na kuku baada ya mwendo wa majuma mengi kupitia nchi ya Wamasai na Wanandi, naye akapata nguo, shanga, bunduki, na habari. Nakwambia habari ndiyo iliyokuwa mali kubwa kuliko zote. Mtu anayekaa pale ambapo njia zote zinapita, akanyamaza na kusikiliza, anajua Mombasa kunasemwa nini na Buganda kunapikwa nini kabla ya jirani yake kuamka.

Na akapata Kiswahili. Na kutoka kwa watu hao hao wa pwani ukaja Uislamu Mumias, Mumia akasilimu, na wengi wa nyumba yake pia. Ndiyo sababu mpaka leo ukitafuta chimbuko la Waislamu wa magharibi ya Kenya, unaelekezwa Mumias kwanza.

Mwaka 1883 akafika Mzungu, Joseph Thomson, Mskochi kijana wa miaka ishirini na mitano hivi. Mahali hapo misafara ilikuwa inapaita Kwa Sundu, yaani kwa Shiundu, ingawa mzee alikuwa keshafariki. Thomson alikula, akapumzika, akaendelea hadi ziwani akarudi salama. Mwaka 1885 akaja Askofu James Hannington, akiwa na haraka ya kufika Buganda. Aliacha sehemu kubwa ya msafara wake Kwa Sundu chini ya msaidizi wake Mwafrika, William Jones, yeye akatangulia na wapagazi hamsini kupitia Busoga. Njia hiyo ya mashariki ndiyo ambayo Waganda walikuwa wakiiogopa, na Kabaka Mwanga akaamuru auawe. Ilikuwa tarehe 29 Oktoba. Walionusurika walikuwa wachache mno, wakarudi mbio kwa Mumia kuleta habari. Mifupa ya Askofu nayo ilikuja kuhifadhiwa Mumias kwa muda kabla ya kupelekwa Namirembe mwaka 1892. Ona basi, mwili wa askofu katika mji wa mfalme huyu, na hakuna aliyeukosea heshima.

Hapa ndipo ninapofika kwenye kisa nilichotaka hasa.

Mwishoni mwa 1889 alifika Frederick Jackson, mtu wa ile kampuni ya Kiingereza iliyokuwa na hati ya kutawala na kufanya biashara Afrika Mashariki. Akafanya urafiki na Mumia, akaacha bendera, kisha akaenda zake kaskazini upande wa Mlima Elgon. Wakati hayupo, zikamfikia barua kutoka Buganda. Mwanga alikuwa taabani, amewahi kung'olewa kitini, anahitaji msaada wa Wazungu hata kwa masharti. Barua zikawa zimewekwa pale pale kwa Mumia zikimngoja mwenyewe.

Mwanzoni mwa 1890 akatokea Mjerumani, Karl Peters. Huyu alikuwa mtu mkali, jina lake pwani linajulikana na si kwa wema. Akapokelewa kama wageni wengine. Akaziona zile barua za Jackson. Akazifungua, akazisoma! Za mtu mwingine! Alipojua yaliyomo hakulala tena, akakimbia Buganda akamfikia Mwanga, akamtia saini mkataba wa kumpendelea Mjerumani. Jackson aliporudi kutoka Elgon akakuta bahasha zimefunguliwa na mwenzake ametangulia, ikabidi afuate nyuma. Hata hivyo hila ya Peters haikumfaa kitu, kwani tarehe 1 Julai 1890 wakubwa wao huko Ulaya waliandikiana mkataba wao: Uganda ikawa ya Waingereza, na Wajerumani wakapewa kisiwa kidogo baridi kinachoitwa Heligoland.

Sasa rudi nyuma kidogo, uitazame picha ile. Barua ziko Elureko. Ziko katika mji wa Mumia, chini ya ulinzi wa ukarimu wake. Ndani yake yameandikwa mambo ya nchi nzima, mambo ambayo yangekuja kumgusa yeye, watoto wake, majirani zake, mimi na wewe. Mumia alikuwa na masikio yaliyosikia kila msafara, lakini alikuwa amekua kabla shule yoyote haijafunguliwa huku kwetu. Kaimosi ilikuja 1902 na Maseno 1906. Wageni wawili waligombania karatasi nyumbani kwake, na aliyefaidi siku ile ni yule aliyeweza kusoma, tena aliyekosa adabu. Mwenye nyumba alibaki kuwapikia.

Wallahi nikikumbuka kisa hiki huwa nawaza jinsi sisi tulivyofundishwa Kiingereza. Katika shule moja niliyosoma, ukisikika unaongea lugha ya nyumbani ulivishwa kibao shingoni mpaka umkamate mwenzako naye akosee. Tukajua kuogopa, hatukujua kusoma. Mpaka leo kuna vijana wanatema Kiingereza cha puani kwenye matatu ili wasichana wageuke, lakini mpe mkataba wa kukodi chumba, karatasi moja tu, anaweka saini bila kupita mstari wa pili. Sasa huyo amezidi nini?

Tuendelee. Mwaka 1894 Uganda ikatangazwa kuwa chini ya himaya ya Uingereza, na mpaka wake wa mashariki ulifika huku kwetu. Ofisa C. W. Hobley akaja kusimamia kituo cha Mumias mwaka 1895. Mumia akachagua upande. Hakuwa mpumbavu, alijua bunduki ni za nani, na alikumbuka ubabe wa Ugenya na Wabukusu. Askari Wasudani wa serikali waliotumwa kuwanyang'anya Wabukusu silaha waliuawa, na mwaka huo huo wa 1895 ukaenda msafara wa kulipiza kisasi, wapiganaji wa Kiwanga na Wamasai wakiwa ndani yake. Ngome za Lumboka na Chetambe zikavunjwa. Waliokufa Chetambe walikuwa wengi sana, na kilima kile karibu na Webuye bado kipo, wazee wa Kibukusu bado wanakitaja kwa uchungu. Mimi sitaki kukuficha hili eti kwa sababu tunamsifu Muislamu mwenzetu. Akili ya Mumia iliokoa watu wake na iliwaumiza watu wa wengine, mambo yote mawili ni kweli, na ukikutana na mwenzako wa Bungoma usimbishie.

Kwa muda akili hiyo ililipa. Mwaka 1902 eneo letu lilihamishwa kutoka Uganda kwenda upande ambao sasa ni Kenya, na mwaka 1909 serikali ikamtambua Mumia kuwa chifu mkuu wa wilaya nzima ya North Kavirondo. Ndugu zake wakapewa uchifu juu ya watu ambao hawakuwa Wawanga, Mulama huko Marama, Murunga huko kwa Wabukusu. Wenyeji wengi hawakufurahi hata kidogo kutawaliwa na chifu wa kuletewa, na kelele hizo hazikwisha miaka mingi. Mulama alifuata njia nyingine ya dini, akasoma kwa wamishonari na kubatizwa Joseph. Katika nyumba moja ya kifalme mmoja anakwenda msikitini na mwingine kanisani! Huku kwetu hilo si ajabu, nadhani hata wewe una binamu unayemtumia salamu za Krismasi.

Lakini chini chini mambo yalikuwa yanahama. Reli ilifika ziwani, pale panapoitwa Kisumu, mwezi wa Disemba 1901, na misafara ikaacha kupita Elureko. Njia ambayo ndiyo ilikuwa sikio la Mumia ikanyauka. Mwaka 1920 makao makuu ya wilaya yakatolewa Mumias yakaletwa hapa Kakamega. Mwaka 1926 mzee akastaafishwa, umri umepita miaka sabini, na cheo chake cha chifu mkuu hakikupewa mtu mwingine. Wale aliowapa chakula walipokuwa na njaa sasa walikuwa na treni, na hawakuhitaji tena unga wake.

Akaishi zaidi ya miaka ishirini baada ya hapo, akayaona mengine. Mwaka 1930 serikali ilitunga sheria ya ardhi ya wenyeji, ikiahidi kwamba ardhi ya hifadhi zao ni yao daima, na kwamba kipande kikichukuliwa lazima walipwe kwa ardhi nyingine. Mwaka uliofuata dhahabu ikaonekana Kakamega. Wazungu wakamiminika na majembe na mahema; ukipita Rosterman leo bado utaambiwa habari za mashimo yao. Mwezi wa Disemba 1932 sheria ile ikarekebishwa haraka haraka ili ardhi ya dhahabu iweze kuchukuliwa bila kutoa ardhi badala yake. Miaka miwili tu, na daima ikawa imekwisha! Yote yalifanyika Nairobi, kwa Kiingereza, kwenye karatasi.

Waliopambana na karatasi hizo kwa karatasi zao walikuwa vijana. Watu waliosomea misheni ya Kaimosi waliunda chama, North Kavirondo Central Association, wakaandika malalamiko ya ardhi yakafika mpaka London. Hawakuwa na bunduki wala misafara, na baadhi yao walikuwa wamechoshwa na machifu wa Kiwanga vilevile. Walikuwa na Kiingereza cha shule, kile kile ambacho wewe unakipigia miayo kipindi cha mwisho baada ya chakula cha mchana, au siku hizi za mfungo, bila chakula cha mchana.

Nabongo Mumia alifariki mwezi wa Aprili 1949. Tangu arithi kiti ilikuwa imepita miaka 67. Alikuwa amewaona Thomson na Hannington, Jackson na Peters, kampuni na himaya na koloni, wote walipita barazani pake akawakaribisha.

Jina la mji wake nalo lina mkono wa wageni. Watu wa misafara waliacha kusema Kwa Sundu wakawa wanasema Kwa Mumia. Wazungu walipoandika kwenye ramani na barua zao waliweka Mumia, wakatia alama ya ritifaa na herufi s, ile ambayo mwalimu wako amekufundisha kuonyesha kitu ni mali ya nani. Baadaye ritifaa ikadondoka, s ikabaki, na ndivyo utakavyoliona jina hilo kwenye kibao cha matatu ukienda kesho.