Bibi Titi Mohamed: sauti ya Kariakoo iliyoitangulia Katiba

Msikilizaji, kama umewahi kwenda Dar es Salaam kufuata mzigo Kariakoo, huenda umeivuka barabara ya Bibi Titi Mohamed bila kujua. Ni ile inayopita kandokando ya viwanja vya Mnazi Mmoja. Upande mmoja una maofisa na benki za katikati ya jiji, upande wa pili unaanza kukutana na maduka ya jumla, mikokoteni na kelele za Kariakoo. Wengi wetu tunalitaja jina hilo tunapomwelekeza dereva mahali pa kutushusha, kisha tunaendelea na safari.

Tumeamua kueleza habari za mwenye jina kwa sababu ya jambo linalojirudia katika vipindi vyetu. Tukifungua simu kuzungumzia mambo ya kijiji, mtu hupiga na kueleza vizuri kabisa: fedha za kisima zilichangwa, kisima hakionekani. Akimaliza, anaomba jina lake lisitajwe. Wengine hutuuliza kama kweli Katiba inamruhusu mwananchi wa kawaida kusema, na kama inamruhusu, ruhusa hiyo imetoka wapi.

Njia rahisi ya kujibu ni kusimulia maisha ya Bibi Titi. Alisimama akazungumza hadharani wakati hakuna sheria ya nchi iliyomhakikishia haki hiyo. Na siku aliyosimama kizimbani, miaka kumi na zaidi baadaye, sheria hiyo ilikuwa bado haijaandikwa.

Binti wa mjini mwenye sauti

Titi binti Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwezi Juni 1926, katika familia ya Kiislamu. Alisoma shule ya msingi kwa miaka michache, jambo ambalo mabinti wengi wa mitaa yao hawakulipata, kisha akaolewa akiwa bado msichana mdogo kama ilivyokuwa desturi.

Kilichomtambulisha mjini kilikuwa sauti yake. Aliimba katika kikundi cha ngoma cha wanawake kilichoitwa Bomba. Vikundi vya namna hiyo vilikuwa vingi Kariakoo na mitaa ya jirani. Havikuwa vya kucheza tu. Wanachama walishona sare, walichangiana kwenye harusi na misiba, na walikuwa na viongozi waliosikilizwa. Mwanamke ambaye hakujua kusoma gazeti alipata habari zote za mji kupitia kikundi chake.

Serikali ya Kiingereza haikuvitilia maanani vikundi hivyo. Kwake vilikuwa burudani ya akina mama. Hilo lilikuja kuwa kosa kubwa la hesabu.

Mwaka 1955

Chama cha TANU kilianzishwa tarehe 7 Julai 1954, katika mtaa wa New Street hapo Kariakoo, ambao leo ni Lumumba. Kilikuwa na tatizo moja tangu siku ya kwanza. Serikali ilikuwa imewakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Mwalimu, karani, tabibu, wote waliokuwa na elimu na mshahara wa serikali, walitakiwa kukaa kando. Walioweza kusema bila kufukuzwa kazi walikuwa wauza samaki, madereva, mafundi, wachuuzi wa sokoni, na wanawake wa nyumbani.

Mwaka 1955 alikuja mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch. Alitaka kujua wanawake wa TANU wako wapi. Wazee wa chama wakamfuata mume wa Bibi Titi, Boi Selemani, kumwomba mkewe ashike kazi hiyo. Mume akakubali. Bibi Titi akawa kiongozi wa tawi la wanawake, akiwa pamoja na Bi Tatu binti Mzee.

Hakuanza na hotuba. Alianza kwa kuwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, mmoja baada ya mwingine, nyumbani kwao. Kila kiongozi alikuja na watu wake. Kufikia Oktoba mwaka huohuo, wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamechukua kadi za TANU. Walichangisha fedha, walipokea wageni, na walijaza viwanja siku za mikutano.

Baada ya hapo akaanza kusafiri mikoani na Mwalimu Julius Nyerere. Jaribu kuipata picha yenyewe: mwanamke wa Kiislamu wa mjini, amejifunga khanga, anapanda jukwaani mbele ya wanaume wa nchi nzima na kuwaambia kwamba wao ni watu sawa na anayewatawala. Hakukuwa na ibara ya kumlinda. Mkutano ulihitaji kibali cha serikali, na kibali kingeweza kukataliwa.

Mwanzoni mwa 1957 Nyerere mwenyewe alipigwa marufuku kuhutubia mikutano ya hadhara. Wenzake, Bibi Titi akiwa miongoni mwao, waliendelea. Mwaka 1958 Nyerere alishtakiwa Dar es Salaam kwa kashfa, kwa sababu ya maandishi kuhusu mabwana wilaya wawili katika kijarida cha chama. Mahakama ilimpa faini ya pauni 150 au kifungo cha miezi sita, na faini ikalipwa. Wananchi waliokusanyika nje ya mahakama waliona kwa macho yao kwamba neno lililoandikwa linaweza kumfikisha mtu kizimbani.

Dini mbili, jukwaa moja

Wazee wengi wa Kariakoo waliompokea Nyerere walikuwa Waislamu. Yeye alikuwa Mkatoliki kutoka Butiama. Hawakuwa na sheria ya kuwaamuru wavumiliane. Walikuwa na mazoea ya mtaa, ambako jirani wa dini nyingine anakuja msibani kwako na wewe unakwenda kwake. Bibi Titi na Nyerere kwenye jukwaa moja walikuwa picha ya mazoea hayo.

Lakini tusiipake rangi historia. Mwaka 1958 Sheikh Suleiman Takadir, mmoja wa wazee wakubwa wa TANU, aliuliza hadharani kuhusu nafasi ya Waislamu katika utawala utakaokuja. Chama kiliona swali hilo litawagawa watu, na Sheikh akafukuzwa uanachama. Wapo wanaosema chama kiliokoa umoja. Wapo wanaosema swali lilistahili jibu. Sisi tunaona jambo moja tu: chama kilichodai uhuru wa kusema nacho kilikuwa na mambo kisiyotaka yasemwe.

Uhuru bila orodha ya haki

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Nchi nyingi zilizotoka kwa Waingereza wakati ule zilipewa katiba yenye sura ya haki za raia: haki ya kusema, ya kuabudu, ya kukusanyika. Viongozi wa TANU waliikataa sura hiyo. Hoja yao ilikuwa kwamba nchi ni changa na maskini, ina kazi ya kujenga, na haiwezi kufungwa mikono na mahakama katika kila hatua.

Mwaka 1962 Bunge la chama hichohicho likapitisha sheria iliyompa Rais mamlaka ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kisheria. Kwenye dini pia serikali ilionyesha mkono wake. Mwaka 1968 iliipiga marufuku Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, iliyojulikana kwa herufi zake EAMWS.

Bibi Titi wakati huo alikuwa juu. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, ulipoundwa 1962, yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kwanza. Alikuwa mbunge na waziri mdogo. Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1965 alishindwa uchaguzi Rufiji. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilikataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha, naye hakukubaliana na sharti hilo. Akajiuzulu katika Kamati Kuu ya chama.

Kizimbani

Oktoba 1969 Bibi Titi alikamatwa. Kesi ilifunguliwa 1970 Dar es Salaam, mbele ya Jaji Mkuu Philip Telford Georges, mwanasheria kutoka visiwa vya Karibi. Ilikuwa kesi ya kwanza ya uhaini tangu uhuru. Alishtakiwa pamoja na aliyekuwa Waziri wa Kazi, Michael Kamaliza, na wengine, wakiwamo maofisa wa jeshi. Walidaiwa kula njama ya kuipindua serikali. Oscar Kambona, aliyetajwa kuwa kiongozi wa njama, alikuwa London. Shahidi mkubwa wa serikali alikuwa Potlako Leballo, mpigania uhuru wa Afrika Kusini aliyekuwa akiishi Dar es Salaam.

Bibi Titi alikana mashtaka. Mahakama ilimtia hatiani, na mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha. Alikuwa mwanamke pekee kizimbani.

Hatusemi kwamba sura ya haki ingemwachia huru. Uhaini si kutoa maoni, na kesi yake ilisikilizwa hadharani na jaji. Tunachosema ni hiki. Katika nchi ile ya 1970, kumkosoa kiongozi, kujiuzulu kwa kutokubaliana na kula njama vilikuwa vitu vilivyokaribiana mno machoni pa watu, kwa sababu hapakuwa na mstari ulioandikwa kuvitenganisha. Marafiki wengi walimwepuka. Jina lake likapotea redioni na kwenye sherehe za uhuru.

Mwaka 1972 Rais Nyerere alimsamehe na akatoka gerezani. Yule aliyesafiri naye nchi nzima ndiye aliyekuwa na ufunguo wa mlango wake. Hapo ndipo tofauti ilipo kati ya haki na msamaha. Msamaha unatoka kwa mtu, naye anaweza kuutoa au kuuzuia. Haki haiombwi.

Haki zinaandikwa

Bibi Titi aliishi kimya kwa miaka mingi. Wakati huo mjadala wa Katiba ulifunguliwa nchini, wanasheria na wananchi wakadai orodha ya haki. Mwaka 1984, Nyerere akiwa bado Rais, Bunge liliingiza sura ya haki katika Katiba ya 1977. Ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa maoni na wa kuyaeleza. Ibara ya 19 inampa uhuru wa kuamini dini, kuibadili, au kutokuwa nayo, na inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya kazi za serikali. Ibara ya 20 inaruhusu watu kukutana na kushirikiana. Serikali ilijipa muda wa kusafisha sheria zake, hivyo mwananchi aliweza kuzidai haki hizo mahakamani kuanzia mwaka 1988 tu.

Wenzetu Marekani waliandika jambo kama hili mwaka 1791, katika badiliko la kwanza la Katiba yao: Bunge lisitunge sheria ya kuanzisha dini, kuzuia ibada, wala kubana kauli na magazeti. Hata hivyo, miaka saba tu baadaye, mwaka 1798, Bunge lao lilitunga sheria ya kuwafunga walioandika vibaya dhidi ya serikali, na wahariri wakafungwa kweli. Iliisha muda wake mwaka 1801, baada ya wapiga kura kukiondoa madarakani chama kilichoitunga. Kwa hiyo si sisi peke yetu. Maandishi yanahitaji watu wa kuyasimamia.

Hata kwetu ilikuwa hivyo. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliorodhesha sheria arobaini zilizokuwa zikigongana na haki hizo. Mwaka 1993 Mchungaji Christopher Mtikila alikwenda Mahakama Kuu Dodoma, na Jaji Kahwa Lugakingira akaamua kwamba kumlazimisha mwananchi kuomba kibali cha polisi ili afanye mkutano kunavunja Katiba. Tangu hapo sheria inataka polisi wapewe taarifa. Walahoi wanasema sheria ni msumeno, na bila mtu wa kuushika haukati chochote.

Jina linarudi

Jina la Bibi Titi lilirudi polepole. Katika maadhimisho ya miaka 30 ya uhuru, mwaka 1991, alitajwa tena miongoni mwa mashujaa. Alifariki tarehe 5 Novemba 2000 katika hospitali huko Johannesburg, Afrika Kusini. Barabara ya Mnazi Mmoja ikabaki na jina lake, hatua chache kutoka mitaa alikoimba na kugonga milango ya akina mama.

Turudi sasa kwa yule anayetupigia simu kuhusu kisima. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kwa kawaida kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo mapato na matumizi husomwa, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ana nafasi ya kuuliza. Katiba haikulindi ukimzushia mtu uongo au ukiwachochea watu wapigane, na ibara ya 30 imeweka mipaka. Lakini kuuliza fedha za kisima ziko wapi kumo ndani ya mipaka hiyo.

Bibi Titi alifanya kazi yake bila ibara hata moja mkononi, akiwa na sauti na wanawake wa vikundi vya ngoma nyuma yake. Wewe ibara unayo, na wenzako kijijini unao. Mkutano ujao ukiitishwa, nenda na jirani yako, nyoosha mkono, na utaje jina lako.