Georg Ohm, Mtoto wa Fundi Makufuli

Sisi wa uhandisi tunalitaja jina la huyu jamaa kila siku maabara, lakini mwenyewe hatumjui. Leo naomba nimlete kwenu, maana maisha yake yanatugusa sisi tuliotumwa mbali kutafuta elimu.

Georg Simon Ohm alizaliwa mwaka 1789 mjini Erlangen, Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa makufuli. Mzee alijisomea hisabati mwenyewe, kisha akawafundisha wanawe nyumbani. Mama alifariki Georg akiwa na miaka 10. Mwaka 1805 kijana akaingia chuo kikuu, na huko akanogewa na dansi, biliadi na kuteleza kwenye barafu. Mzee akaja juu: nafasi aliyoikosa yeye, mtoto anaichezea! Baada ya mihula mitatu tu Georg akaacha chuo, akaenda Uswisi kufundisha hesabu. Alirudi na kupata udaktari mwaka 1811.

Digrii haikumpa ulaji. Aliendelea na ualimu wa shule, mshahara kiduchu. Mwaka 1817 akapata kazi Cologne, kwenye shule yenye vifaa vizuri vya fizikia, na hapo ndipo alipokuja kuupima umeme. Tatizo ni kwamba betri za siku zile zilichoka kabla kipimo hakijaisha. Akaziweka kando, akaunganisha bismathi na shaba, ungio moja kwenye maji yanayochemka, jingine kwenye barafu. Umeme wake ulikuwa mdogo, lakini hautetereki. Akawa anabadilisha nyaya, fupi kwa ndefu, na kuangalia sindano ya sumaku.

Alichokipata tunakitumia mpaka leo: gawa volti kwa ampea, unapata ukinzani, kwa omu. Ukizidisha volti kwa ampea unapata nguvu, kwa wati. Chukua birika la umeme linalovuta ampea 10 kwenye volti 240. Ukinzani wake ni omu 24, nguvu yake wati 2,400. Sasa libebe mpaka Marekani, kwenye volti 120. Ukinzani ni ule ule, kwa hiyo litavuta ampea 5 tu, na nguvu itakuwa wati 600. Yaani robo! Chai utaisubiri sana.

Kanuni yake aliitoa kwenye kitabu mwaka 1827. Alitegemea kitampatia kazi ya chuo kikuu, lakini wakubwa wengi wa elimu kwao hawakukijali. Mwaka 1828 akaiacha kazi ya Cologne, na mpaka mwaka 1833 ndipo akapata nafasi ya maana, Nuremberg. Heshima ilitoka ugenini: mwaka 1841 Royal Society ya London ilimpa Nishani ya Copley. Kiti cha profesa wa fizikia Munich alikipata mwaka 1852, akafariki mwaka 1854. Jina lake likapitishwa kuwa kipimo cha ukinzani huko Paris mwaka 1881.

Kuna wenzetu hapa wana tasnifu ambayo hakuna anayeisoma, na nyumbani kila simu ni kuulizwa wanamaliza lini. Kwao nasema hivi: kanuni ya Ohm iliyotuzwa mwaka 1841 ilikuwa ile ile ya mwaka 1827. Waliobadilika ni wasomaji. Wewe hakikisha tu vipimo vyako ni sahihi, na daftari lake ulitunze.