James Black, Mzimamoto wa Matumbo

Nyanya yangu anapenda pilau, lakini zamani akila jioni, kiungulia kilimfanya akeshe ameketi kitandani. Siku hizi humeza tembe ya famotidini saa moja hivi kabla ya kula, halafu usingizi fofofo! Nikajiuliza, dawa za aina hii zilianzishwa na nani?

Ni James Black, Mskoti aliyezaliwa mwaka wa 1924. Alisomea udaktari St Andrews, kisha akaenda kufundisha Singapore ili alipe madeni. Dawa za kale zilituliza asidi iliyokwisha kutoka tumboni. Yeye alitaka isitoke kwa wingi, kwa kuizuia histamini inayoliamuru tumbo kuitoa. Kuanzia mwaka wa 1964, yeye na wenzake walijaribu kemikali nyingi ajabu. Zingine zilifeli kabisa. Hatimaye, mwaka wa 1976, simetidini ikaanza kuuzwa Uingereza, na wagonjwa wengi wa vidonda vya tumbo wakaepuka kisu. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1988, akafariki mwaka wa 2010.

Kiungulia kisipokoma, jamani, muone daktari. Lakini kweli mvumilivu hula mbivu, na nyanya yangu hula pilau!