Maisha ya Linus Pauling, Mpimaji wa Chaji

Likizo iliyopita nilitoka shuleni hapa Gitega nikaenda nyumbani Muyinga. Nilimkuta mdogo wangu amelala, mifupa inamwuma, kwani ana ugonjwa wa selimundu. Akaniuliza, maadamu mimi nasoma kemia, ni kitu gani kilichoharibika katika damu yake. Sikuwa na jibu. Niliporudi nililitafuta vitabuni, nikalikuta katika maisha ya mtu ambaye jina lake tulikwisha kulisikia darasani, katika lile somo la resonansi na chaji rasmi tulilolinung'unikia sana. Basi naomba niwasimulie habari zake, ninyi wenzangu, pamoja na kaka zetu mliotutangulia.

Linus Pauling alizaliwa tarehe 28 Februari 1901 katika mji wa Portland, jimbo la Oregon, Marekani. Baba yake alikuwa muuza dawa, akafariki mwaka 1910, akamwacha mama na watoto watatu katika shida. Mwaka 1919 mama alihitaji fedha, na Linus akawa hawezi kurejea chuoni kusoma. Chuo kikampa kazi ya kufundisha somo ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelimaliza karibuni. Hivyo alitimiza miaka 19, umri wangu mimi, akiwa mwalimu. Katika mwaka huo alisoma makala za Gilbert Lewis na Irving Langmuir, walioeleza ya kuwa atomu hushikana kwa kushirikiana elektroni mbili mbili. Tangu hapo jambo hilo halikumtoka moyoni.

Alipata udaktari mwaka 1925, akaenda Ulaya kujifunza fizikia mpya ya atomu. Mwaka 1931 alianza kutoa makala zake juu ya vifungo vya kemia, na mwaka 1939 akatoa kitabu. Humo alieleza resonansi: ziko molekuli ambazo mchoro mmoja hautoshi kuzieleza. Si kwamba molekuli inarukaruka kutoka mchoro huu kwenda ule. Molekuli ni moja, na kila mchoro unaeleza sehemu yake tu. Mimi huzifikiria ngoma za Gishora, hapa karibu na Gitega: ngoma ni nyingi, mlio ni mmoja, lakini si kila ngoma inasikika sawa.

Je, mchoro upi una uzito zaidi? Hapo ndipo chaji rasmi inapofaa. Kwa kila atomu, chukua elektroni za ganda la nje inazokuwa nazo ikiwa peke yake, toa zile zisizoshirikiwa, kisha toa nusu ya zile zinazoshirikiwa. Tazama gesi ya kuchekesha, N₂O, wanayovutishwa wagonjwa wa meno ili maumivu yapungue. Atomu zake zimepangwa nitrojeni, nitrojeni, oksijeni. Mchoro wenye vifungo vitatu kati ya nitrojeni mbili, na kimoja cha oksijeni, unatoa 0, +1, −1. Wenye vifungo viwili kila upande unatoa −1, +1, 0. Wenye kifungo kimoja kati ya nitrojeni mbili, na vitatu vya oksijeni, unatoa −2, +1, +1. Huu wa mwisho tunauweka kando, maana una chaji kubwa, tena chaji mbili za namna moja zimekaa jirani nazo husukumana. Katika miwili iliyobaki, wa kwanza unatangulia, kwa sababu chaji hasi imekaa juu ya oksijeni, ambayo huvuta elektroni kuliko nitrojeni. Vipimo vya mvuto huo Pauling alivitoa mwaka 1932. Mchoro wa pili hatuutupi. Nao unasikika, ila chini kidogo.

Mwaka 1949 Pauling na wenzake waliipima himoglobini, ile ichukuayo oksijeni katika damu. Ya wenye selimundu ilikwenda katika umeme tofauti na ya wenye afya, kwa kuwa chaji yake si sawa. Hii si chaji ya hesabu ya karatasi, bali ni chaji halisi. Ndivyo ilivyojulikana kwamba ugonjwa waweza kuwa ndani ya molekuli yenyewe. Hilo ndilo jibu nililolitafuta.

Lakini mwenye kujua naye hukosea. Mwaka 1953 Pauling alitoa mfano wa DNA, molekuli ya urithi. Aliziweka fosfati katikati, akaziachia hidrojeni zake, hata zikakosa chaji hasi zinazokuwa nazo ndani ya seli. Watson na Crick wakaliona kosa hilo, wakatoa mfano ulio sahihi. Pauling alikwenda Cambridge, akautazama, akakubali.

Alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1954. Mwaka 1958 alipeleka Umoja wa Mataifa sahihi za wanasayansi zaidi ya 9,000 waliotaka majaribio ya mabomu ya nyuklia yakome, akapewa na Tuzo ya Amani ya mwaka 1962. Alifariki tarehe 19 Agosti 1994, akiwa na miaka 93.

Nimekwisha kumwandikia mdogo wangu. Sikumdanganya kwamba hesabu hii itamwondolea maumivu. Nimemwambia tu kwamba kilichobadilika katika damu yake ni kidogo mno, na kwamba wapo watu waliokihesabu. Nasi, wenzangu, tusiidharau hesabu hiyo.